Mwajiri Akikunyamazia, Hajakupima

Ndugu wahitimu, wazazi na walezi, walimu wangu, na ninyi waajiri wachache mliokubali mwaliko huku mkijua mtasemwa: habari za mchana.

Waandaaji walinipa mada ya fursa za ajira. Niliomba nibadilishiwe, wakakubali kwa shingo upande. Habari za fursa mtazipata kwa wengine, hazijawahi kukosa wasemaji. Mimi nimekuja kuzungumzia miezi ile inayoanza mara tu joho linaporudishwa, miezi ya kuomba kazi katika fani uliyoisomea na kunyamaziwa.

Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupokea maombi, kuyachambua na kukaa kwenye meza ya usaili. Ninyi mnaijua bahasha inavyotoka, mimi naijua inavyofika. Kutokana na ninayoyaona huko inakofikia, nina jambo moja la kuwaambia: mwajiri akikunyamazia, hajakupima. Mnakipokea kimya chake kama matokeo ya mtihani, na hicho ndicho kinachowamaliza nguvu.

Hamkujitakia, ndivyo tulivyowalea. Tangu darasa la kwanza mmeishi chini ya utaratibu mmoja: unasoma, unafanya mtihani, karatasi inasahihishwa, inarudi. Ukifeli unajua umefeli, na mara nyingi unajua hata swali lililokuangusha. Kisha unamaliza chuo, unatuma barua ya maombi, na karatasi hairudi. Mtu aliyelelewa kwa alama hawezi kuvumilia karatasi isiyorudi. Anaisahihisha mwenyewe usiku akiwa kitandani, na anajipa sifuri.

Hebu niwaambie kinachotokea. Nafasi moja inatangazwa, maombi yanamiminika, mengine ya watu ambao hawakusoma hata kichwa cha tangazo. Anayeyagusa kwanza kwa kawaida si mtu wa fani yako. Wewe umesomea takwimu, yeye hajui uchambuzi ulioufanya kwenye tasnifu yako una uzito gani. Ana karatasi yenye vigezo na anaweka vema au mkasi. Akishapata watu kumi wanaotosha kuitwa kwenye usaili, aghalabu hana sababu ya kumfungua wa mia mbili. Kwingine kuna mtu wa ndani anayekaimu nafasi hiyo tayari, na tangazo limetolewa ili utaratibu uonekane umefuatwa. Nimewahi kushuhudia tangazo likifungwa Ijumaa mchana, na Jumatatu asubuhi idara ya fedha ikaleta barua ya mistari miwili kusitisha ajira zote mpya. Waombaji wa nafasi ile walikuwa wazuri mno. Faili likaingia kabatini, na hakuna aliyeandikiwa chochote. Nina hakika wapo walioketi nyumbani wakijiuliza ni aya gani ya barua yao iliyowaharibia.

Siku hizi hata huyo wa kuweka vema na mkasi huenda asiwe binadamu. Ni programu inayotafuta maneno fulani ndani ya wasifu wako. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeachana na programu ya majaribio ya kuchuja waombaji. Programu ile ilijifunza kwa kusoma wasifu zilizopokelewa katika miaka 10 iliyotangulia, nyingi zikiwa za wanaume, ikahitimisha kwamba wanaume ndio wanaofaa. Ikawa inaushushia alama wasifu uliotaja, kwa mfano, klabu ya wanawake. Mwanamke aliyekatwa na mashine ile angejilaumu kwa lipi?

Lakini tusizionee mashine. Watafiti wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha mwaka 2004 matokeo ya jaribio walilofanya Marekani, katika miji ya Boston na Chicago. Walituma karibu wasifu 5,000 za watu wasiokuwepo kujibu matangazo halisi ya kazi. Sifa zililingana, majina ndiyo yaliyobadilishwa. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wazungu walihitaji kutuma wasifu kama 10 ili wapigiwe simu mara moja. Wenye majina yanayosikika kuwa ya Wamarekani Weusi walihitaji kama 15. Wasifu hizo tano za ziada hazikutokana na kitu chochote walichokijua au wasichokijua.

Sasa tangazo lenyewe. Mmeliona: nafasi ya mtu anayeanza kazi, na chini yake, uzoefu usiopungua miaka 3. Nasikia minong'ono huko katikati, na mna haki. Sharti hili linaudhi kuliko yote kwa sababu linamtaka mtu awe ameshaingia ndipo aruhusiwe kuingia. Lina asili mbili. Ya kwanza ni uvivu: idadi ya miaka ni chujio rahisi, inapunguza rundo bila mtu kusoma. Ya pili ni ya kiuchumi, na mchumi Gary Becker aliieleza tangu 1964. Ujuzi unaoweza kuutumia popote, mwajiri hana hamu ya kuugharamia, kwa maana ukishaupata unaweza kuubeba ukaenda nao kwa jirani. Kila mmoja anangoja mwenzake afundishe, yeye aje achukue aliyeiva. Nani basi wa kuanza?

Ushauri wangu hapo ni mfupi. Kwenye tangazo, tenganisha matakwa ya sheria na matamanio ya mwajiri. Kama fani yako ina bodi ya usajili au leseni, hilo huwezi kulizunguka, kalimalize kwanza. Ile miaka 3 ni matamanio. Kama unayo mengine yote, omba, na katika aya ya kwanza ya barua eleza kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako hata kama ilikuwa ya mafunzo kwa vitendo. Usiandike "nina ari ya kujifunza na naweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Sentensi hiyo naisoma asubuhi hadi jioni na haijawahi kuniambia mtu anajua nini. Andika "nilihakiki vipimo vya maji vya visima vya mradi, nikagundua kifaa kimoja kinazidisha, nikaandaa taarifa iliyofanya kibadilishwe". Hapo nitaacha kunywa nilichokuwa nakunywa na nitasoma mstari unaofuata.

Nikitaja kujuana, najua ukumbi utaguna. Upendeleo upo. Kuna nafasi ambazo jina limeshaandikwa kabla ya tangazo, na sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila kuna kujuana kwa aina nyingine ambako hakuna rushwa ndani yake, na wahitimu wengi wanakuacha kwa kuona ni aibu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala iliyotokana na mazungumzo yake na wanaume wa kazi za kitaaluma, kiufundi na za uongozi katika mji wa Newton, Marekani. Aliwauliza wale waliopata kazi kupitia mtu: mtu huyo ulikuwa ukionana naye mara ngapi? Waliosema mara kwa mara walikuwa kama 17 tu katika kila 100. Kama 56 walisema mara mojamoja, na kama 28 walisema kwa nadra, mara moja kwa mwaka au chini ya hapo. Jambo hilo limepimwa tena kwa upana mkubwa: mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha majaribio yaliyofanywa kwenye mtandao wa LinkedIn kwa watu zaidi ya milioni 20, na wanaofahamiana kwa mbali kiasi wakaonekana kusaidiana kupata kazi kuliko marafiki wa chanda na pete.

Sababu yake ukiitafakari haina muujiza. Rafiki zako wa karibu mmesoma darasa moja, mnapitia matangazo yale yale, na kundi lenu la simu linarushiana viungo vile vile ambavyo kila mmoja ameshaviona. Mtu aliyekusimamia miezi miwili ya mafunzo halafu mkapotezana anaishi katika habari ambazo ninyi hamna. Anajua nani anastaafu, anajua mradi upi umepata fedha. Mwandikie. Usimwombe kazi, kwa sababu pengine hana, na ukimwomba asichokuwa nacho atakukwepa. Mwombe dakika 15 za maelezo. Hivi: "Shikamoo. Ni mimi mwanafunzi uliyemfundisha kusoma michoro ya mabomba kwenye kitengo chenu mwaka juzi. Nimehitimu. Ningependa kujua watu wanaoanza katika kazi hiyo huingilia wapi siku hizi, na kipi ungenishauri nijifunze kabla sijaomba. Nitashukuru kwa muda wako, hata kwa simu." Ujumbe kama huo una jibu ambalo mtu yeyote anaweza kulitoa, ndiyo maana unajibiwa.

Wazazi, zamu yenu. Nina kisa cha mzazi mmoja, na mtoto wake mnamfahamu. Albert Einstein alihitimu chuo cha ufundi Zurich mwaka 1900, akataka kazi ya usaidizi kwa maprofesa wa fizikia. Akaomba huku na huko, akanyamaziwa. Machi 1901 alimwandikia mkemia Wilhelm Ostwald wa Leipzig, akaambatanisha makala yake ya kwanza. Kimya. Aprili akaandika tena. Baada ya hapo baba yake, Hermann, mfanyabiashara ambaye mambo yalikuwa yakimwendea kombo, akachukua kalamu bila mwanawe kujua, akamwandikia profesa huyo kwamba kijana amevunjika moyo, kwamba anajiona mzigo kwa familia, na kwamba maneno machache ya kumtia moyo yangemsaidia. Hakuna jibu linalojulikana kutoka kwa Ostwald.

Kazi ilipatikana Juni 1902, katika ofisi ya hataza za uvumbuzi mjini Bern, daraja la tatu, nje ya fani aliyoililia. Ilipatikanaje? Baba wa rafiki yake Marcel Grossmann alikuwa akifahamiana na mkurugenzi wa ofisi ile. Hermann Einstein alifariki Oktoba mwaka huo huo, kwa hiyo alichokishuhudia ni mwanawe kuwa karani wa hataza, basi. Makala za 1905, zilizomjengea mwanawe jina katika fizikia, hakuziona. Na mwaka 1910 mtu wa kwanza kumpendekeza Albert Einstein kwa Tuzo ya Nobel alikuwa ni yule yule Wilhelm Ostwald.

Sikusimulia ili kila mtu aondoke hapa akijiona Einstein. Visa vya namna hiyo vimeshachosha watu. Ninachotaka mkione ni Ostwald. Huyu alikuwa mtu makini, na kimya chake cha 1901 hakikuwa hukumu juu ya uwezo wa kijana, kwa kuwa alipoisoma kazi yenyewe alijua thamani yake. Na ninachotaka wazazi mkione ni barua ya baba. Hakumuuliza mwanawe kila jioni "vipi, bado hawajapiga?" Hakumtajia mtoto wa fulani aliyekwisha kununua gari. Alikwenda kumsemea kwa mtu mwingine. Mzazi mwenye marafiki katika fani ya mwanawe, hata wa mbali, ana msaada mkubwa wa kutoa kuliko methali za uvumilivu.

Halafu kuna lile neno la majukwaani: jiajirini. Linasemwa kwa urahisi sana, na kwa kawaida na watu walioajiriwa. Aliyesomea kilimo au ubunifu wa mavazi pengine ataanza na kidogo alicho nacho. Lakini unamwambiaje ajiajiri mtu aliyesomea upigaji picha za eksirei hospitalini? Anunue mashine? Afungue maabara wapi, chini ya leseni ya nani? Fani nyingi hujifunzwa chini ya mtu anayezijua, na mhitimu mpya anatafuta mshahara pamoja na bwana wa kumfundisha. Anayemwambia ajiajiri anamnyima hicho cha pili.

Wenzangu waajiri hunionyesha pengo kwenye wasifu: "Huyu amekaa mwaka mzima, alikuwa anafanya nini?" Wahitimu, pengo hili linahesabiwa, sitawadanganya. Kory Kroft na wenzake walichapisha mwaka 2013 jaribio la wasifu zipatazo 12,000 za kubuni zilizotumwa katika miji mikubwa 100 ya Marekani. Kadiri muda wa kukaa bila kazi ulivyorefuka ndivyo simu zilivyopungua, na kupungua kukubwa kulitokea katika miezi 8 ya mwanzo. Kuna sehemu ya utafiti huo ambayo hainukuliwi sana: pale ambapo ukosefu wa ajira ulikuwa mkubwa, pengo halikumdhuru mtu kiasi hicho. Mwajiri anayeona watu wengi wako nje hachukulii kukaa nje kuwa ni kasoro ya mtu. Basi hata pengo lenyewe linasomwa kwa kutazama hali ya soko zaidi ya kukutazama wewe.

Hata hivyo, usikae hivi hivi. Nasema kwa sababu ya linalompata mtu ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilikuwa kimefungwa na familia nyingi zikawa hazina kazi. Walidhani labda watu wenye muda tele watasoma sana na kushiriki siasa. Walikuta kinyume. Uazimaji wa vitabu maktabani ulishuka kwa karibu nusu kati ya 1929 na 1931, ingawa ada ilikuwa imeondolewa. Watafiti walisimama na saa wakipima mwendo wa watu barabarani, wakaona wanaume wanatembea polepole na kusimamasimama njiani, hawana wanakowahi. Kutafuta kazi kunakuachia muda usio na kingo, na muda huo unamla mtu. Jiwekee kingo. Maombi yawe na saa zake za asubuhi, na yakikwisha yamekwisha. Usishinde na simu mkononi ukifungua barua pepe kila baada ya dakika tatu. Mchana fanya kitu cha fani yako kinachoacha alama inayoonekana: chambua data zilizo wazi kwa umma, chora, tafsiri, jenga programu ndogo, jitolee siku mbili kwa wiki mahali wanapokufundisha kweli. Nasisitiza wanapokufundisha. Kujitolea kwa mwaka mzima kupiga chapa na kupeleka barua ni kumfanyia mtu kazi bure.

Na kazi ya nje ya fani? Ichukue ikibidi. Bili hazisomi shahada. Aliyefanya kazi ya malipo hata saa 1 katika wiki anahesabiwa na Shirika la Kazi Duniani kuwa ameajiriwa, kwa hiyo mhandisi anayemshikia shangazi yake duka siku moja hayumo katika takwimu za wasio na ajira. Mwaka 2023 kiwango cha ukosefu wa ajira kwa vijana duniani kilikuwa asilimia 13, na kijana 1 kati ya 5 hakuwa kazini, shuleni wala kwenye mafunzo. Wale wa dukani kwa shangazi ni juu ya hao. Hamko wachache kama mnavyojiona saa nane za usiku.

Kuanzia pabaya kuna gharama, na gharama hiyo ina muda wake. Philip Oreopoulos, Till von Wachter na Andrew Heisz waliwafuatilia wahitimu wa Kanada waliomaliza vyuo kati ya 1976 na 1995. Waliohitimu wakati uchumi umedorora walianza na kipato pungufu kwa karibu asilimia 9. Baada ya miaka 5 upungufu ulikuwa umebaki nusu, na kufikia mwaka wa 10 ulikuwa umefifia. Sehemu kubwa ya waliojikwamua walifanya hivyo kwa kuhama, kutoka kwa mwajiri waliyempata kwenda kwa mwajiri mzuri zaidi. Miaka 10 ni mingi, sitaipamba. Lakini inamaanisha kwamba kazi ya kwanza haikufungi, almradi uendelee kuomba ukiwa ndani yake. Hapo ndipo wengi wanapokomea: wanapata kazi isiyo yao, wanachoka, wanaacha kuomba.

Nimalizie na waajiri, maana wameshaanza kutazama saa. Mnaomba barua, wasifu, vyeti, wadhamini watatu, kisha mnamwambia mtu apakie wasifu wake kwenye mfumo, halafu mfumo unamtaka auandike upya wote kisanduku kwa kisanduku. Anamaliza jioni. Mnamrudishia ujumbe wa mashine kwamba ombi limepokelewa, na ndio mwisho wa habari. Ile ile mashine inaweza kutuma ujumbe wa pili. Nafasi ikijazwa, sema imejazwa. Ikifutwa, sema imefutwa, kwa kuwa hapo unamwondolea mtu usiku mwingi wa kujisahihisha. Kama aliitwa kwenye usaili, akatafuta nauli akaja, anastahili kuambiwa na mtu, kwa jina lake, nini kilikosekana. Na kama tangazo ni la kutimiza utaratibu wakati mtu wenu mnaye tayari, msilitoe.

Muda uliobaki ni wa maswali. Naomba nianze na walioketi nyuma kabisa, na waajiri msitoke, kuna maswali mengine ni yenu.